Barua Pepe Inayotaka Pesa: Isome Hivi Kabla Hujatuma Hata Shilingi

Ami yangu ni fundi wa milango. Karakana yake iko Mkomani, hapa mjini Lamu, na mimi sijaanza chuo cha Kurani yeye alikuwa tayari anachonga miimo na mfaa. Mwaka jana, baada ya sala ya Alasiri, aliingia dukani kwangu Langoni na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake tangu alipomwoza binti yake wa mwisho. Akaiweka simu juu ya meza.

"Mwanangu, niprintie hii nikamwonyeshe shemeji. Mlango umepata mtu Dubai."

Kazi yangu ni kuprinti, kutoa kopi, kuwajazia watu ritani za kodi, maombi ya mikopo ya masomo ya Helb na mambo ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Barua za watu hupita mbele ya macho yangu kutwa nzima, kwa hiyo nilipoisoma ile niliona tumbo joto. Ilikuwa na nembo ya benki. Ilisema shilingi 420,000 zimeshalipwa kwa jina la Ami, ila zimezuiliwa mpaka yeye amtumie wakala wa meli 95,000, kisha apige picha risiti na kuirudisha kwa barua hiyo hiyo. Mlango walikubaliana 310,000. Zile 95,000 ni za wakala, na 15,000 zinazobaki ni asante ya usumbufu wake. Hesabu imekaa sawasawa. Mfukoni Ami alikuwa tayari na 60,000 zake na 35,000 alizokopeshwa na shemeji.

Nikamwambia, "Ami, keti kwanza, nikutilie kahawa. Tuisome pamoja."

Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyafanya jioni ile, pamoja na mengine niliyoyajua kwa hasara yangu mwenyewe. Ukiwa na haraka, yaruke yote mengine ila usiiruke sehemu ya mlango wako mwenyewe.

Rudi kwenye barua ya kwanza

Watu huniletea barua ya mwisho, ile inayotaja pesa, wananiuliza ni ya kweli au ya uongo. Barua ya mwisho huwa imeshanyooshwa. Panda juu mpaka ile ya kwanza kabisa, siku mlipokuwa hamjuani.

Ya kwanza ya Ami ilikuwa na mistari mitatu. Mtu amevutiwa na "bidhaa yako", anaomba "bei ya mwisho na hali yake ya sasa", na anataka kujua kama Ami anapokea malipo kwa njia ya benki. Hali yake ya sasa! Mlango wenyewe siku ile ulikuwa mbao za mbambakofi zimeegemezwa ukutani, hata patasi haijazigusa. Barua ile ingeweza kwenda kwa muuza pikipiki, kwa muuza kochi kuukuu, kwa mwenye jenereta, bila kubadilishwa neno.

Nikamuuliza, "Wateja wako wa kweli huanza kuuliza nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Upana. Halafu mti gani. Halafu nakshi, anataka ya kizamani au ya sasa. Halafu siku ngapi. Bei huja mwisho, na hapo ndipo tunapogombana."

"Na huyu?"

Akaishika simu, akaanza kuzipandisha zile barua kwa kidole gumba, moja moja, saba jumla. Alisoma polepole midomo ikicheza. Kahawa ikapoa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Hakutaja upana."

Sikuhitaji kumwambia mengi baada ya hapo. Huo ndio mtihani ninaouamini kuliko yote, kwa sababu majibu yake unayo wewe. Mtapeli anajua sana mambo ya malipo na hajui kitu kuhusu kazi yako. Mwenye nyumba ya wageni Shela anajua mgeni wa kweli huuliza namna ya kuvuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, kama kuna chandarua, kama kiamshakinywa kimo ndani ya bei. Yule mwingine ana wageni kumi na wawili, wanakaa wiki tatu, hajali chumba kipi, ila anataka kukulipa zaidi kwa kadi halafu wewe umpe dereva wake ile ziada. Kadi ni ya kuibiwa. Mwenyewe akilalamika, benki inairudisha pesa kwake, na uliyompa dereva umempa ya mfukoni mwako. Nahodha wa jahazi anajua mgeni wa kweli ataulizia maji, kivuli na chakula. Kaa chini uandike maswali matatu ambayo hakuna mteja wako asiyeyauliza, uyabandike karibu na unapoweka simu.

Anwani isome kama msahafu

Jina linaloonekana juu ya barua si ushahidi wa chochote. Mtu yeyote huandika hapo analotaka, kama vile mimi ninavyoweza kuandika jina la Gavana mgongoni mwa bahasha. Ligonge lile jina kwa kidole mpaka anwani yenyewe ijitokeze, ile yenye alama ya @.

Sisi tuliosoma Kurani chuoni tuna bahati moja, tumezoea kusoma kuanzia kulia. Anwani ya barua pepe na ya tovuti isome hivyo hivyo. Chukua mfano wa benki nitakayoiita benkiyangu. Anwani yake ni benkiyangu.co.ke. Sasa inakuja barua yenye kiungo cha benkiyangu.co.ke.malipo-salama.com. Ukisoma kushoto kwenda kulia, jicho linakutana na jina unalolijua, linatulia, linaacha kusoma. Anza kulia: .com, halafu malipo-salama. Basi hapo ndipo penye mwenye nyumba. Yote yaliyo kushoto kwake ni mapambo aliyojiwekea, angeweza kuandika jina la nchi nzima. Kwenye tovuti anwani hukoma penye mkwaju wa kwanza, /, ukiacha ile mikwaju miwili ya https://, kwa hiyo usianze kusoma baada ya mkwaju, anza kabla yake. Kiungo usikibofye, kibonyeze ukishikilie, simu itakuonyesha kinakokwenda bila kukupeleka.

Ofisi za serikali ya Kenya zina .go.ke mwishoni, na hiyo haiuzwi kwa kila mtu. Barua ya kodi, ya kitambulisho, ya ardhi, ikitoka kwenye anwani ya bure ya Gmail au Yahoo, hata iwe na ngao ya taifa na muhuri wa zambarau, iache hapo ilipo.

Halafu kuna wizi wa herufi. Ya Ami ilikuwa hivyo. Jina la benki lina herufi m, na aliyetuma hakuandika m, aliandika r na n zikiwa zimebanana. Kwenye simu ya Ami, iliyopasuka kioo pembeni, hata mimi nisingeona. Niliinakili kwenye kompyuta nikaikuza mpaka herufi zikawa kubwa kama kiganja, nikaziprinti mbili kwa pamoja, m na rn. Ami aliichukua karatasi ile akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza kidogo, kama anavyofanya akitafuta ufa kwenye ubao. "Hizi hazikuchongwa na mkono mmoja," akasema. Karatasi ile bado ninayo, nimeibandika ukutani juu ya mashine ya kopi, na wateja wakiniuliza ni nini huwaeleza.

Mlango wako mwenyewe

Anwani ikiwa mbaya, mambo yamekwisha. Anwani ikiwa nzuri, bado hujapata kitu. Hili nililijua mwaka 2019.

Nina mtu Mombasa ambaye hunipelekea karatasi na wino wa mashine. Wakati ule tulikuwa na miaka sita ya kuuziana. Ikaja ankara ya 38,400, kiasi kile kile tulichopatana, ikiwa jibu chini ya barua zetu wenyewe, kutoka anwani yake hasa, herufi kwa herufi. Ilisema tu kwamba akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo nilipe kwenye hii mpya. Hata maneno ya kufungia yalikuwa yake, maana yeye huandika "nashukuru kwa yote dada". Nikalipa asubuhi hiyo hiyo kwa kuwa sipendi deni lilale.

Siku ya nne akanipigia kuniuliza mbona kimya. Kumbe mwizi alikuwa amepata neno lake la siri, ameingia kwenye sanduku lake la barua, anasoma tu, wiki nzima hagusi kitu. Alikuwa amepanga huko ndani kwenye mipangilio kwamba kila barua itakayotoka kwangu ihamishiwe folda ambayo mwenyewe haifungui kamwe. Kwa hiyo nilipojibu "nimelipa", barua ile aliisoma mwizi.

Sikumwambia mume wangu kwa siku mbili. Nilikuwa nikiamka usiku naisoma barua ile upya, natafuta kosa nililopaswa kuliona, na halikuwepo. Baadaye nikasoma habari za mtu wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, aliyejifanya kampuni moja ya Taiwan inayouza vifaa vya kompyuta, akawatumia Google na Facebook ankara za uongo kati ya mwaka 2013 na 2015. Walimlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa New York mwaka 2019, kifungo cha miaka mitano. Kampuni zile zina wahasibu na mawakili na wataalamu wa usalama wa mtandao wasiohesabika. Sikupata shilingi zangu, lakini niliacha kujiita mjinga.

Kanuni niliyoishika tangu siku ile ni hii: barua yoyote inayotaka pesa, au inayobadilisha pesa ziende wapi, usiijibu kupitia mlango uliofunguliwa na barua yenyewe. Usibofye kiungo chake, usipige nambari iliyoandikwa humo, usibonyeze kujibu. Ifunge. Halafu uende kwa mlango unaoujua wewe tangu kabla barua haijaja. Kwa mwuzaji wako, nambari iliyo kwenye simu yako ya siku zote, mzungumze kwa sauti, na umuulize jambo ambalo mnalijua nyinyi wawili. Kwa benki, nambari iliyo nyuma ya kadi, au tawi lenyewe. Kwa serikali, andika anwani ya tovuti kwa mkono wako. Malipo ya eCitizen yana nambari moja ya Paybill, 222222, na si nambari ya simu ya afisa fulani. Siku hizi hata sauti ya mtu huigwa kwa programu, kwa hiyo piga wewe; akikupigia yeye, kata umpigie.

Najua kuna wanaoniambia hii ni kazi, hasa walio Faza au Kizingitini ambao kwenda benki ni safari ya boti na nauli. Basi pigeni simu. Dakika tano za simu hazifiki hata nauli ya kwenda.

Jioni ile tuliigeuza kadi ya Ami, tukaipiga nambari ya nyuma, tukaweka sauti juu. Tulisubiri muziki ukicheza. Aliyepokea alikuwa binti mwenye adabu, akatazama, akasema hakuna pesa yoyote inayosubiri kwenye akaunti ile. Halafu akaongeza neno ambalo nimelirudia kwa watu wengi: "Mzee, benki haimwambii mteja atume pesa ndiyo apokee pesa."

Usimtolee mtu methali

Mtu akishaibiwa, barazani kuna maneno yaliyo tayari. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mzee mzima anaamini mtu asiyemwona. Nimeyasikia sana, na yananiuma, kwa sababu mimi ndiye ninayewaona wenyewe wakiwa na zile barua mkononi. Ami hakutaka cha bure. Alitaka kuuza mlango. Mama aliyekuja kuprinti "mkataba" wa kazi ya bintiye Saudia alitaka kulipa deni la hospitali. Mtapeli hatafuti mjinga, anatafuta mtu ambaye kile anachokingoja kwa dua kinafanana na kile kilichoandikwa. Mtu huyo wiki ijayo anaweza kuwa wewe, mwenye digrii yako.

Na zile barua za mfalme aliyekufa akaacha mamilioni, ambazo watu huzisoma kwa kicheko? Mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alilieleza jambo hilo mwaka 2012. Kutuma barua milioni ni bure, lakini kuandikiana na kila anayejibu kunakula muda. Kwa hiyo barua ikiwa na hadithi isiyoaminika, wenye shaka wanajitoa wenyewe mapema, na mwizi anabaki na wachache walio tayari kufika mwisho. Barua ile imeandikwa hivyo makusudi. Wewe unayeicheka hukulengwa nayo. Yako itakuja kwa sura nyingine, kama yangu ilivyokuja kwa sura ya ankara ya karatasi.

Tulikuwa tukiwaambia watu watazame makosa ya lugha. Msilitegemee tena hilo. Programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili kisafi kuliko cha ofisi nyingi. Tazama inataka nini, na inataka upesi kiasi gani. Haraka ndiyo dalili ambayo haijabadilika. Saa ishirini na nne, la sivyo akaunti inafungwa. Leo kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Na karibu kila mara kuna mstari unaokuomba usimwambie mtu. Ukiuona mstari huo, mwambie mtu.

Barua za kazi

Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, vijana huniletea barua za ajira ya bandarini. Umechaguliwa, ripoti Jumatatu, ila kwanza utume 3,500 za uchunguzi wa afya na 1,200 za sare. Nimeziprinti hizo kabla sijajua, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Mwajiri hulipa mfanyakazi. Anayetaka umlipe ili akuajiri, tena kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hana kazi ya kukupa. Nafasi za kweli za serikali hutangazwa wazi, unaziona kwenye tovuti ya taasisi yenyewe na magazetini, na kama hukuomba kazi huwezi kuwa umechaguliwa.

Kwa kazi za Saudia, Qatar na kwingineko, wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti yake. Tafuta jina la wakala humo, herufi kwa herufi, kabla binti hajatoa hata kopi ya pasipoti.

Ukishatuma

Usikae kulia kwanza. Dakika zina thamani.

Kama ni M-Pesa, uchukue ule ujumbe wote wa muamala uutume kwenda 456 papo hapo, kuomba pesa zirudishwe. Ikiwa mwenye kupokea hajazitoa, kuna matumaini. Akishazitoa, yanapungua sana. Ujumbe wa utapeli wenyewe utume kwenda 333. Kama ni benki, piga wakati huo huo, waambie neno hili kwanza kabla ya hadithi: "Nizuilieni muamala, nimetapeliwa." Hadithi baadaye. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, maana benki itaitaka. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inalitambua jambo hili kuwa kosa la jinai, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni uzembe wako tu.

Kama ulichotoa ni neno la siri, libadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini, na kama neno hilo hilo unalitumia kwingine, badilisha na huko. Ingia kwenye mipangilio utoe vifaa vyote vilivyoingia. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri uombwe na uthibitisho wa pili unapoingia. Halafu ufanye lile ambalo wengi hulisahau: fungua sehemu ya vichujio na ya kupeleka barua mbele, utazame kama kuna kanuni hukuiweka wewe. Kwa yule mtu wangu wa Mombasa, neno la siri lilibadilishwa siku ile ile, na ile kanuni ikabaki mle ndani wiki mbili zaidi ikizificha barua zangu. Tazama pia kama nambari ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yako.

Na ujiandae kwa wa pili. Wiki tatu baada ya mambo ya Ami, ilimjia barua kutoka kwa "afisa wa uchunguzi" aliyejua kila kitu, hadi jina la yule wakala wa meli, akitaka 8,000 za kufungulia faili ili awatie watu wale mbaroni. Amejuaje? Kwa sababu ni yeye yule, au amemwuzia mwenzake anwani. Aliyeibiwa hurudiwa, kwa kuwa ile hamu ya kurudishiwa chake ni mlango mwingine wa kuingilia. Ami aliniletea barua ile bila kuijibu.

Kumwambia mtu mzima

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Baba au shangazi ameshika barua, ameamini, ameshawatangazia watu, na wewe unaingia na neno "utapeli" kabla hujaketi. Umemfungia njia. Sasa kukubali ukweli ni kukubali kuwa umemshinda mbele ya watoto, na kuna watu watakaotuma pesa kwa ajili hiyo peke yake.

Mtoe faraghani. Mwombe akusomee yeye, kwa sauti, kuanzia ya kwanza. Macho hupita juu ya maneno, lakini ulimi hukwama. Muulize maswali ya kazi yake, ambayo yeye ni bingwa na wewe si kitu. Usimpe jibu, mpe simu, na nambari iliyo nyuma ya kadi, apige mwenyewe. Akiwa bado hajakubali, usigombane naye, omba siku moja tu: "Ami, nisubiri mpaka kesho Adhuhuri." Mteja wa kweli husubiri mpaka kesho. Mtapeli usiku ule ule atatuma barua tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na hizo zitakufanyia kazi yako.

Na akishaamini, usimhadithie mtu. Mimi nimeyaandika haya kwa sababu Ami mwenyewe aliniruhusu, akasema niandike watu wapate kujua, ila jina nisitie. Shemeji yake alirudishiwa 35,000 zake kabla ya Isha, akaambiwa mteja amebadili nia. Zile mbao za mbambakofi alizichonga mwaka huu kwa nyumba moja ya Matondoni. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe na kamba ya kupimia.

Jambo la mwisho kwa walio hapa Amu, yaani Lamu. Barua ikikutia shaka, usiifute, wala usiniletee picha yake. Niletee simu yenyewe, maana kwenye picha anwani haigongeki. Nipo Langoni kila siku kuanzia Alasiri mpaka Isha, Ijumaa baada ya Magharibi. Kuisoma barua sitozi kitu. Umeme ukiwa umekatika, njoo hivyo hivyo.